Waraka kwa Kijana Aliyekesha na Majini Kaole

Kwako mwanangu mwenye kamera,

Assalaam aleikum. Na marahaba, maana nina hakika shikamoo yako ilikuwa njiani. Mimi mzima, hofu na mashaka ni juu yako, na safari hii hayo si maneno ya kujazia barua. Mtu aliyekesha magofuni Kaole mpaka alfajiri, akazingirwa na majini pande zote kama ulivyotusimulia, lazima wazee wamjulie hali. Nimefarijika kuona mwisho wa video kwamba kulipokucha ulikuwa salama, umeketi sokoni Bagamoyo unamtafuna pweza na kumsifia.

Baada ya salamu, nakuarifu kuwa kazi yako tumeitazama hapa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, tumejazana kwenye simu moja ya mjukuu. Muziki mzuri. Sauti yako nayo ina heba, hasa unapoikwaruza. Tatizo lilikuja pale mlipozima taa ili tusikilize kilio cha mtoto mchanga aliyezikwa hai. Bibi mmoja hapa alicheka hadi akapaliwa. Yule ni komba, baba. Hulia hivyohivyo kila usiku, na minazi ikigemwa hulia zaidi, kwa sababu tembo la mnazi hulionja kabla ya mwenye mnazi. Umewatisha maelfu ya watu kwa sauti ya mlevi.

Kwa hilo peke yake nisingekuandikia. Kila mtu ana riziki yake, na kuna watu Bagamoyo hii hii wanaowazungusha wageni kwenye mbuyu wa Kaole wakiwaambia kila mzunguko unaongeza umri, wakazunguka wanaume wazima na kofia zao mpaka wakaona kizunguzungu. Sikuwahi kumwandikia waraka hata mmoja wao. Ila wewe, kati ya kilio cha komba na matangazo ya biashara, umesema mambo ambayo siwezi kuyaacha yapite.

Umesema Kaole ni mji uliotoweka usiku mmoja, na kwamba hadi leo hakuna ajuaye watu wake walikwenda wapi. Mwanangu, walikwenda Bagamoyo. Ni mwendo wa kilomita tano hivi, mtu anautembea na mzigo kichwani. Wengine hawakwenda popote: kile kijiji ulichosimama kuulizia njia ndicho Kaole, na yule mama uliyenunua maji kwake, ukapunguziwa bei kwa kuwa u mgeni, huenda ni kitukuu cha hao waliotoweka. Ungemuuliza angekueleza ya Washomvi wa pwani hii na madiwani waliowaongoza, na nani amezikwa wapi. Wewe ulimuuliza kama ana chenji.

Kilichouondoa mji ule ni tope. Msikiti ambao wewe ulisimama mbele ya kibla chake ukipangusa lenzi watafiti wanauhesabia karne ya 13. Enzi zake bahari ilikuwa jirani na vyombo vilifika. Mchanga ukajaa kidogo kidogo, mikoko ikaota juu ya mchanga, ikashika mchanga zaidi, na jahazi halikwami mara mbili mahali pamoja kama nahodha wake ana akili. Biashara ikasogea Bagamoyo, ambako ufuko ni wazi. Mwenye duka akafuata biashara, na mwenye deni akamfuata mwenye duka. Wala halikuwa jambo la usiku mmoja, lilichukua vizazi. Juni 1857, Burton na Speke walipovuka kutoka Unguja kuanza safari yao ya kwenda maziwa makuu, walishukia Kaole, na kulikuwa na askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Zanzibar pale pale. Burton aliandika kila alichokiona na kulalamikia kila alichokiandika. Angekutana na mji wa mizimu asingeusamehe.

Nadhani umetoka Dar es Salaam, kwa jinsi ulivyokuwa ukisema neno "kijijini". Basi na hili ulichukue nyumbani. Sultani Majid alianza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, akafa 1870, na nduguye Barghash aliyemrithi hakuwa na haja nayo. Majumba yakabaki yamekamilika nusu, majani yakaota mabarazani, na hali ikawa hiyo mpaka kampuni ya Wajerumani ilipoweka kituo pale mwaka 1887. Mwenye taa kama zako angekesha kwenye ufuko ule mwaka 1880, angerudi na kazi ya kutisha kuliko yako. Baadaye mambo yakageuka. Wajerumani wakahamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam mwaka 1891, na reli ya kati ilipoanza kujengwa 1905 ilianzia huko, ikafika Kigoma 1914. Reli hiyo ndiyo iliyotumaliza sisi. Mpagazi aliyekuwa akishuka na pembe za ndovu hadi Bagamoyo hakuwa na sababu ya kushuka tena. Miji ya mwambao huu imekuwa ikipokezana ugofu, na hakuna wa kumcheka mwenzake. Hata sehemu ya Boma letu la Mjerumani ilipoporomoka baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, hakuna jini aliyetuhumiwa. Tulijua vizuri ni miaka mingapi lilikuwa halijakarabatiwa.

Lakini hayo ni ya kutaniana. Kilichonikatisha kicheko ni pale ulipoisogeza kamera kwenye shina la kaburi la mnara, ukanong'ona kwamba kuna jini anakaa pale kwa sababu chini kuna dhahabu.

Hapo, mwanangu, ulijua unachokifanya? Mtu akisikia "jini", anarudi nyuma hatua moja. Akisikia "jini anayelinda mali", anakwenda kuazima sururu. Nchi hii imejaa mashimo ya watu wanaotafuta mali ya Mjerumani. Wamechimba misingi ya maboma, wamefukua chini ya miembe, wengine wakiongozwa na waganga wenye ramani zilizochorwa juzi na kuchovywa chai ili zionekane za kale. Sikatai kwamba Mjerumani alikuwa na dhahabu. Mwaka 1916, vita vikiwa vimembana, alipiga sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwenye karakana ya reli. Karakana hiyo ilikuwa Tabora. Na wafu wa Kaole walikwisha lala karne nyingi kabla Mjerumani hajaijua njia ya kuja. Hakuna awezaye kumlindia dhahabu mtu ambaye hajazaliwa, awe jini au awe meneja wa benki.

Ngoja nikueleze kilichokuwamo, maana ulikuwa umekipa mgongo. Makaburi yale ya minara, ya Kaole na ya Kunduchi kule, wenyewe waliyapamba kwa mabakuli na sahani za kauri kutoka China. Waliyatia kwenye chokaa ikiwa bado mbichi, yakatazama nje. Ni fahari ya mji wa biashara: marehemu huyu alikuwa akinunua vitu kutoka mbali. Leo pitisha kidole kwenye nguzo hizo za mwambao. Utakuta kishimo cha mviringo, ukingo wake bado laini, na ndani kabisa duara dogo lililoachwa na kitako cha bakuli. Mabakuli mengine yalichukuliwa yakahifadhiwa makumbusho. Mengine yaling'olewa na watu wenye patasi na haraka. Kishimo hicho ndicho ulichokiita tundu analochungulia jini. Kweli kuna kiumbe alipita hapo, ila alikuwa na miguu miwili na mnunuzi anayemsubiri.

Mtaalamu wa mambo ya kale Neville Chittick alifukua Kaole mwaka 1958, kwa kibali, kwa brashi na kwa daftari. Alichotoa ni kuta, makaburi na vigae, na kwa vigae hivyo tukajua mji ni wa lini. Kigae kikitolewa ardhini bila kuandikwa kilikuwa tabaka gani hakisemi kitu tena, hata kiwe kizuri namna gani. Mchimba dhahabu hukitupa pembeni akiendelea kushuka. Ndiyo maana tangu 1964 tuna Sheria ya Mambo ya Kale inayokataza kufukua bila kibali, na ndiyo maana sheria hiyo haina nguvu sana saa nane za usiku, mlinzi akiwa mmoja na watazamaji wako wakiwa wengi.

Usidhani nakuambia majini hayapo. Mimi ni mtu wa mwambao, nimelelewa na watu waliokuwa wakipiga hodi kabla ya kuingia chini ya mbuyu. Tulikatazwa kupiga mluzi magofuni, tukakatazwa kuokota hata jiwe la kuchezea. Wenyewe wapo, tukaambiwa, na wakikosewa hawasamehe. Sasa tazama matokeo ya hofu ile. Jiwe la tumbawe lililokwisha chongwa ni mali kwa mtu anayejenga, na ukilichoma linakuwa chokaa. Magofu mengi ya pwani yaliishia kwenye misingi ya nyumba za watu. Pale ambapo wazee waliweka jini na adabu zake, kuta zilibaki kiasi cha wewe kuja kuzipiga picha. Hata Gedi, kule karibu na Malindi, wenyeji wana habari zao za wazee wanaoulinda msitu na magofu yake. Kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, bado linasomeka, na mwaka 2024 UNESCO wakauingiza mji ule katika urithi wa dunia. Jini wa wazee alikuwa mlinzi asiyelipwa mshahara. Jini wako wewe ni dalali.

Kaole kuna kaburi la Sharifa. Ulilipita haraka, nafikiri kwa sababu halikuwa na giza la kutosha. Watu huja pale mchana kweupe na haja zao: anayetaka mtoto, anayeuguliwa, mwenye kesi. Huweka nadhiri, huacha sarafu, hufukiza ubani, hunyunyiza marashi, na haja ikijibiwa hurudi kushukuru. Wako masheikh wasioipenda desturi hiyo na wanasema hadharani, na ni haki yao. Lakini hapo ndipo mahali palipojaa uhai kuliko pote Kaole, na ulipafupisha kuwa sekunde chache zenye maandishi mekundu. Halafu ukaenda kuketi juu ya kaburi la jirani kubadilisha betri. Nililirudia hilo mara mbili nikidhani macho yangu ni ya uzee. Mjukuu akanithibitishia kuwa uliketi, na kwamba chupa ya soda uliiacha.

Nikushauri jambo la kazi, kama hutojali. Ukitaka mahame halisi, yaani mahali ambapo watu waliondoka kwa siku moja kweli, huna haja ya karne ya 13. Zunguka bara utafute vijiji vilivyohamwa wakati wa Operesheni Vijiji, kuanzia 1973 hadi 1976. Utavijua kwa miembe iliyopangana porini bila nyumba. Hapo kuna watu walioambiwa wapande lori, na baadhi yao bado wapo hai, wanakumbuka mlango ulikuwa upande gani. Sijaona mtu akipeleka kamera ya mizimu huko. Labda kwa kuwa huko mtu anaweza kukujibu.

Ninayoomba ni machache. Kile kipande cha dhahabu kiondoe. Kingine chote kiache, hata komba, kwani mwigizaji ametoka jasho. Ukija tena, njoo mchana, lipa kiingilio, dai risiti, na mlinzi umsalimie. Msikitini vua viatu. Hauna paa, lakini kibla hakijahama.

Nimesikia pia umetangaza kwamba sehemu ya pili itakuwa Saadani, "mji uliolaaniwa wa kaskazini". Historia yake haikosi utamu: hapo ndipo Bwana Heri bin Juma alipowasumbua Wajerumani, hata manowari zao zikaupiga mji ule mizinga mwaka 1889, kwa hiyo kama kuna laana basi ilirushwa kutoka baharini na ina jina la meli. Ila nakutahadharisha kama mzazi. Saadani sasa ni hifadhi ya taifa. Usiku huko hupiti ovyo bila ruhusa ya wahifadhi, na simba wa kule haanzi na muziki.

Wasalimie wote nyumbani, hasa mama yako, ambaye sina shaka hajui kama uliketi juu ya kaburi.

Wako katika mapenzi na mashaka,
Mzee mmoja wa Bagamoyo