Kanuni ya Chaji Moja

Waheshimiwa wakazi wa Kabingo, wageni mliopanda teksi kutoka Mbarara, na ninyi vijana mliojibanza nyuma karibu na soketi: mmebahatika. Mbele yenu amesimama Profesa wa Kujiteua wa Elimu ya Magemu ya Safari, Mapango na Majoka, cheo ambacho hakuna chuo kilichowahi kukitoa, na kwa hiyo hakuna chuo kinachoweza kukipokonya. Watakaotaka kujua mhadhiri ametengeneza magemu mangapi wafahamu kwamba swali hilo halina adabu ya kitaaluma. Aliyetengeneza gemu analijua lake tu, ilhali mwenye kuyakosoa yote hafungwi na lolote. Leo natoa kanuni moja, niliyoibatiza Kanuni ya Chaji Moja, nayo yasema: RPG yako ya kwanza, yaani gemu la kuigiza mhusika aliye safarini, iwe fupi kiasi kwamba mchezaji anaimaliza kabla simu yake haijazima. Yaliyobaki ni mapambo, na mapambo nitawagawia bure.

Ugonjwa wenu naujua kabla hamjaueleza. Kijana anafungua daftari. Ukurasa wa kwanza anaandika jina la gemu kwa herufi zinazowaka moto, ukurasa wa pili anachora bara zima: falme saba, milima ya theluji, bahari yenye manyangumi, ng'ombe wa Ankole wanaotema ndimi za moto kwenye ncha za pembe. Ukurasa wa kumi una silaha mia moja na vita vilivyoanza miaka elfu tatu iliyopita. Mlango unaofunguka hakuna hata mmoja. Wala simlaumu kwa mawazo yake. Makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale yalianza kupokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950, wakafuata Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengine. Hadithi hapa hazijawahi kuwa kwenye orodha ya vitu vilivyopungua. Kinachomwangusha ni hesabu. Gemu la mbio linahitaji barabara na gari. RPG inadai mji, na mji unadai watu, na kila mtu anadai maneno ya kusema kabla na baada ya joka kufa. Ukiongeza upanga mmoja, itakubidi upime upya nguvu za maadui wote na bei za maduka yote. Ukimwekea mchezaji uamuzi mmoja wa ndiyo au hapana wenye matokeo ya kudumu, una hali mbili za kukagua; ukimwekea kumi, una 1,024. Kijana wetu ameweka arobaini, halafu anashangaa kwa nini gemu linaganda anapoingia sokoni.

Nawaitia mashahidi. Richard Garriott, kijana wa Texas, kabla hajajulikana kwa mfululizo wa magemu wa Ultima, aliandika magemu madogo ya mapango akiwa shule ya sekondari na kuyapa namba badala ya majina. Akalabeth, lililotoka 1979 na kuuzwa mwanzoni ndani ya vifuko vya plastiki, lilikuwa toleo la 28 katika mfululizo huo. Ishirini na nane! Ninyi mnataka kuanzia Ultima ya saba. Shahidi wa pili ni Dragon Quest, lililotoka Japani mwaka 1986, gemu ambalo nusu ya RPG zote mnazozipenda zinalirithi, liwe limetajwa au halikutajwa. Lote lilienea katika kilobaiti 64. Picha moja ya harusi mliyotumiwa jana WhatsApp ni nzito kuliko hiyo. Shujaa ni mmoja, hana wenzake. Adui anajitokeza mmoja mmoja. Katika toleo la Kijapani shujaa hakuchorwa ubavu wala mgongo, basi anatembea kama kaa, uso umekutazama wewe popote aendapo. Hata nafasi ya kuhifadhi mchezo haikuwepo: ulipewa nywila ya herufi 20, ukainakili kwa kalamu, na ukikosea herufi moja kazi yako yote imekwenda na maji. Waliolitengeneza walijua fika kwamba shujaa anastahili mgongo. Walichagua gemu linaloisha.

Kuna atakayenung'unika kwamba Texas na Japani ni mbali. Haya, tusogee. Lual Mayen, Msudani Kusini, aliishi miaka 22 katika makazi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda hii hii. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hadi zikatimia dola 300, akamnunulia laptopu, na kijana akawa anatembea mwendo wa saa tatu kwenda kuichaji. Alichokitoa kwanza si falme saba. Ni Salaam, gemu dogo la simu kuhusu amani, lililopita mkono kwa mkono kwa Bluetooth, kisha likapandishwa Facebook. Desemba 2018 alikuwa kwenye tuzo za The Game Awards huko Marekani, akiwa na kampuni yake ya Junub Games. Nchini Kenya, Wesley Kirinya alitoa gemu la The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na mwaka 2009 akaanzisha studio ya Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Aliyekaidi kanuni yangu ni Olivier Madiba wa Kameruni: RPG yake, Aurion, aliianza akiwa mwanafunzi mwaka 2003, studio ikafunguliwa 2013, na gemu likatoka 2016. Amefaulu, nampa heshima zake. Lakini aliyeko hapa mwenye miaka 13 ya akiba na anyooshe mkono.

Hapa nasimama kidogo, maana nawaona wasemaji wa semina wamekwisha kutoa kalamu ili waandike kwamba dhiki ni mwalimu. Upuuzi. Dhiki haikuandika hata mstari mmoja wa Salaam. Laptopu ya dola 300 ndiyo iliyoliandika, na saa tatu za kutembea ni saa tatu ambazo gemu halikusogea. Kanuni ya Chaji Moja haisifu giza. Ingekuwa umeme na fedha vinatibu ugonjwa wa ukubwa, gemu la Star Citizen lingekuwa limeshatoka: lilitangazwa 2012, kufikia 2024 lilikuwa limekusanya zaidi ya dola milioni 700 za wapenzi wake, na toleo kamili bado lilikuwa linasubiriwa. Watengenezaji wake hawakukosa soketi. Tofauti yao na kijana wa daftari ni bajeti tu. Ramani inakua kwa mwendo uleule.

Pingamizi la pili ni la vifaa, na ni la haki. Injini ya kutengenezea magemu ya Godot ni ya bure, chanzo chake kiko wazi tangu 2014, na ina toleo la Android, kwa hiyo unaweza kuanza kwenye simu ukivumilia kubonyeza vitufe vya ukubwa wa punje ya mtama. Injini yenyewe ukiipakua kwa kompyuta haifiki megabaiti 200. Mtego uko kwingine, na wataalamu wa bei rahisi hawatawaambia: siku unapotaka kuligeuza gemu kuwa faili la kumpa mtu, Godot inadai violezo vya kutolea, navyo vina uzito wa gigabaiti moja hivi, na ukitaka la Android kutoka kwenye kompyuta kuna zana nyingine juu yake. Tangu Julai 2021 kila bando mnalonunua lina ushuru wa asilimia 12. Basi vitu vyote vipakueni mara moja mkiwa Mbarara, mahali penye intaneti ya kueleweka, mviweke kwenye flashi, mzunguke navyo. Gharama hii ndiyo inayoipa kanuni yangu nguvu: gemu la ramani moja hulijaribu lote kwa dakika kumi, ukarekebisha, ukajaribu tena, betri bado ina nusu.

"Lakini Profesa," anasema mmoja, "ramani moja si RPG." Mwanangu, leta daftari la hesabu lenye miraba. Chora eneo la miraba 20 kwa 15. Weka bomba la maji, kibanda cha kuchaji simu, wakala wa pesa za simu na nyumba ya bibi. Bibi anataka simu yake iliyoko kwenye chaji. Mwenye kibanda haitoi mpaka alipwe shilingi 500. Wakala ana pesa zako ila hana floti ya taslimu, na floti italetwa na mtu aliyeko kwenye foleni ya maji, ambaye haondoki mpaka mtu amshikie jerikani. Una watu wanne, vitu vitatu, swichi nne za ndiyo na hapana ndani ya programu, na mchezaji ambaye tayari ameshaanza kumchukia wakala. Safari ipo, mhusika yupo, uamuzi upo: unaweza kuiacha foleni na kumwibia mwenye kibanda, na bibi akajua. Dungeons & Dragons mwaka 1974 ilikuwa karatasi na dadu, na hakuna aliyeinyima jina kwa sababu haikuwa na sinema ya utangulizi.

Lugha nayo isiwatishe, ingawa ina shimo ambalo vitabu vya Kiingereza haviwezi kuwaonya. Programu nyingi hukufundisha kuandika sentensi moja yenye pengo, kisha jina la kitu lichomekwe. Jaribuni kwa Kiswahili: "Upanga umevunjika" ni sawa, chomeka kisu, unapata "Kisu umevunjika", na mwalimu wa shule ya msingi anazima simu. Dawa yake ni kwamba kila kifaa kwenye orodha kibebe jina la umoja, jina la wingi na viambishi vyake viwili, programu ichague yenyewe. Kwa vifaa vitatu ni kazi ya jioni moja. Kwa silaha mia moja ni kifungo. Ila adabu hiyo ya ngeli ni ya msimulizi peke yake. Mtu wa foleni aliyetoka Bukavu mwacheni aulize "Uko naenda wapi?", kwa kuwa akisema kama mtangazaji wa taarifa ya habari hakuna mtu Kabingo atakayeamini kwamba ana kiu.

Limebaki pingamizi la wazee, wanaouliza gemu la dakika ishirini litamlisha nani. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, kwa hiyo njia ya Lual Mayen imekatika katikati, ila ile nusu ya kwanza ingalipo: Bluetooth haiombi ruhusa ya mtu wala bando. Kuhusu malipo, mtazameni Toby Fox. Mwaka 2013 alitoa kipande cha kwanza tu cha gemu lake, Undertale, eneo moja la kuchezwa bure, kisha akawaomba watu dola 5,000 za kumalizia. Walimpa zaidi ya 51,000, na gemu zima likatoka 2015. Hawakuchangia ndoto iliyochorwa daftarini, maana kipande kile walikwisha kukicheza hadi mwisho wakataka kujua mbele kuna nini. Ninyi fanyeni hivyo hivyo. Mtumie jirani ramani moja, bibi mmoja, simu moja. Akirudi kesho yake kuuliza mji wa pili uko wapi, mtajie bei.