Sifa za Kitunguu Kichwani

Tiba ya nywele ya kutengenezwa nyumbani, yaani mchanganyiko wa maji ya kitunguu, yai, parachichi na mafuta ya mbarika, inastahili heshima kubwa kuliko ile inayopewa na matabibu, kwa kuwa ndiyo tiba pekee inayokiri wazi kwamba wafu nao hula. Unywele uliokwisha kuchomoza kwenye ngozi ni keratini, protini ngumu isiyo na uhai, na ni haki kabisa ulishwe yai huko Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, katika makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1994 na ambayo leo yana zaidi ya watu 50,000, ambako watoto, kwa kuwa wako hai, wanaweza kusubiri.

Hoja ya matabibu kuhusu mapunye nayo ni nyepesi. Ni kweli kwamba kuvu wake hujificha ndani ya shina la unywele, mahali ambapo kitunguu hakifiki, na kwamba griseofulvini, dawa ya kumeza, huhitaji wiki 6 hadi 8. Lakini kitunguu huwasha papo hapo, na muwasho, kutoka Dzaleka hadi Kauma jijini Lilongwe, ni ushahidi usiohitaji maabara.

Wenye shaka wasome mafunjo ya Ebers ya Misri, yenye umri wa takriban miaka 3,500, yanayoagiza mafuta ya simba, kiboko na mamba kwa wenye upara, maana hekima hiyo haijakanushwa na mgonjwa yeyote aliye hai.

Nywele hurefuka takriban sentimita 1 kwa mwezi, kwa aliyekipaka kitunguu na kwa aliyekipika.