Baraza la Vyombo, Shela

Katika mtaa wa Shela, Malindi, si mbali na Msikiti wa Ijumaa, pana nyumba ya mawe ambayo mwenyewe, baada ya kusoma mengi na kuuliza machache, aliazimia kwamba kompyuta ndiyo itakayokuwa chemchemi ya muziki maskanini mwake. Akanunua kompyuta ya mpakato. Akanunua kisanduku cha kugeuza tarakimu kuwa sauti. Akachukua kwa bei ya hasara amplifaya na spika mbili za Mtaliano aliyekuwa akifunga virago kurejea kwao. Na waya mmoja uliopakwa dhahabu, ambao urefu wake hata pima haufiki, akaununua kwa fedha za mbuzi mzima. Ijumaa moja, alipokwenda kusali, vyombo vilisemezana, na habari zake tumezipata kwa Mjusi, ambaye hulala nyuma ya amplifaya kwa ajili ya joto. Basi chumvi ikizidi, aulizwe yeye.

KOMPYUTA: Masahibu, si kwa ghururi bali kwa kumshukuru Mola nasema kwamba tumboni mwangu mna nyimbo elfu tisa, kila mmoja umehifadhiwa kwa biti 24 na vipimo 96,000 kwa sekunde, daraja ambayo hata sahani ya CD, iliyozaliwa mwaka 1982 na vipimo vyake 44,100, haikuiota.

BABU SANTURI: Marahaba, mjukuu wangu, kwa shikamoo ambayo hukuitoa. Mimi mwili wangu ni utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, nazunguka mara 78 kwa dakika, na juu yangu imo sauti ya Siti binti Saad, aliyetoka Unguja mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay ili arekodiwe. Nakwaruza, sikatai. Lakini bibi yule alipanda meli kwa ajili ya dakika zangu tatu. Wewe hizo elfu tisa ulizisafiria wapi?

KOMPYUTA: Intaneti, babu.

KISANDUKU: Kwa idhini ya wakubwa nitasema, maana mimi ndimi nipokeaye kinywani mwake, na anachokula nakijua. Aghalabu ya nyimbo hizo zilikuja zimebanwa katika MP3 za kilobiti 128 kwa sekunde, ilhali CD hubeba 1,411, yaani zilifika na fungu moja tu katika mafungu kumi na moja. Bwana akazihamisha katika FLAC, kisha akazipandisha kwa programu hadi 96,000. Akaona namba imenenepa, akadhani na muziki umenenepa. FLAC haina lawama, kwani tangu ilipotoka mwaka 2001 hukunja muziki ukawa karibu na nusu ya uzito wake bila kupoteza hata biti moja. Lakini kilichokwisha kutupwa na MP3 hairudishi.

MJUSI: Tui la tatu, hata ukilimimina katika sufuria ya arusi, haliwi kasimile.

KOMPYUTA: Naam, lakini zipo chache zilizozaliwa na hizo 96,000 tangu studio. Hizo nazo utazitia ila?

KISANDUKU: Sizitii ila, nauliza nani azisikie. Sikio la mwanadamu, likiwa changa na salama, hukomea kama mitetemo 20,000 kwa sekunde, na umri ukienda hushuka. Na Claude Shannon alithibitisha kwa hesabu, mwaka 1949, kwamba vipimo vikizidi mara mbili ya mtetemo wa juu kabisa, hapana kinachopotea chini yake. Basi 44,100 zamtosha bwana wetu na wajukuu zake. Kinachozidi hapo ni cha popo wa magofu ya Gede, ambao hawajaja kutuzuru. Biti 24 zina kazi kwa arekodiye, ili apate nafasi ya kukosea.

KOMPYUTA: Kumbe mimi sina faida?

KISANDUKU: Faida unayo, tena kubwa, ila sharti ujue kunyamaza. Ukinipa namba kama zilivyo, nikazitoa kwa saa yangu mwenyewe, wewe na mashine ya CD ya thamani ya gari hamtofautiani kwa chochote kinachosikika. Bali wewe huna subira. Hata ukipewa wimbo wa 44,100, waugeuza kuwa 48,000 bila kuulizwa, kwa sababu ndani yako mna kijiprogramu kinachochanganya sauti zote kama upatu. Udi umefika pahali pa kutetemesha moyo, wewe wapiga kengele kwamba barua imeingia. Fauka ya hayo, feni lako lavuma kuliko kusi ya Julai. Bwana angekuamuru uiachie programu ya kuchezea muziki njia peke yake, ukazima kengele zako, mashtaka yetu mengi yangekwisha, na haigharimu hata senti.

WAYA: Na dhahabu yangu haikusaidia?

KISANDUKU: Ewe Waya, unachopitisha ni namba, zikifika zimefika, zisipofika sauti hukatika, na sijapata kupokea moja iliyonona njiani. Tarehe 12 Desemba 1970, hapo Ngomeni, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini, Waitaliano waliirushia Marekani setilaiti iliyoitwa Uhuru, nayo ikawa yatuma hesabu za miale ya nyota kutoka angani hadi ardhini bila kuguswa na dhahabu yako. Nawe watakabari kwa safari ya kutoka mezani hadi kwenye rafu?

Hapo kikasikika kikohozi kutoka kopo la biskuti chini ya kochi.

BI KANDA: Mumalizapo kuhesabiana, nami nisikizwe. Usiku wa jana bwana alikaa hadi usiku wa manane akisikiliza faili ya kupimia spika, isiyo mwimbaji wala ala, akifumba macho kwa raha; na mimi humu nina arusi nzima ya Mombasa, Juma Bhalo akiimba, wanawake wakipiga vigelegele, watu wakiinuka kutunza. Nina dada zangu wenye udi wa Zein l'Abdin. Tulirekodiwa ukumbini, tukanakiliwa duka kwa duka, na arusi ile haikupigwa mara ya pili. Chumvi ya bahari yatula, kuvu latula, na mkanda wa mpira wa redio yetu umeyeyuka. Ninyi mwatafuta muziki bora. Je, mmetazama chini ya kochi?

KOMPYUTA: Mama, nisamehe! Nitakurekodi kwa vipimo 192,000!

BI KANDA: Mwanangu, mimi sijui kupanda hata 15,000. Nirekodi kwa 48,000, ila kwa masharti. Kwanza kichwa cha redio kisafishwe kwa spiriti, kisha kiinamishwe taratibu hadi ile sauti nyembamba ifunguke. Mvumo wangu usiupanguse, kwani ukiupangusa utaondoka na vigelegele. Na watu wakitunza, usiwakate.

KISANDUKU: Kazi hiyo si yangu, mimi hutoa, siingizi. Atafutwe mwenzangu wa kuingizia. Bei yake haifiki ya Waya.

KOMPYUTA: Nimekubali yote. Sasa naandika daftari: mwimbaji, Juma Bhalo. Mwaka?

BI KANDA: Jaladani pameandikwa kwa kalamu, wino umefifia. Acha wazi, usibuni.

KOMPYUTA: Aina ya muziki?

BI KANDA: Taarabu.

KOMPYUTA: Orodha niliyopewa haina hiyo. Ina Roki, ina Jazi, ina Kantri. Wewe watiwa katika fungu la Muziki wa Dunia.

BI KANDA: Na hao wengine, mwanangu, wao waliimbia wapi?