Mkongwe, Mwiko na Mbuzi wa Shemeji

Anayetaka kuvunja undugu wa Waswahili walioko ughaibuni asihangaike na siasa wala mirathi. Awaulize tu kama mchezaji aliyesajiliwa juzi ni kifaa au galasa. Si lazima hata wawe wanaujua mchezo wenyewe.

Sisi tunaoishi St. Louis, jimbo la Missouri, tulipofika tuliukuta mji umelewa besiboli, na timu yao ni Cardinals. Mwishoni mwa Machi 2022, Cardinals wakamrudisha Albert Pujols kwa mkataba wa mwaka mmoja, dola milioni 2.5. Kwa ligi ile, hizo ni pesa za vocha. Pujols, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, alianzia hapahapa mwaka 2001, akabeba ubingwa wa 2006 na wa 2011, kisha akazifuata dola milioni 240 za Angels kule California. Mkataba ule wa miaka kumi haujaisha, wakamtema. Sasa anarudi nyumbani akiwa na miaka 42, miguu imeshamsumbua sana, na homrani 679 kibindoni. (Homrani ndiyo ile mtu anapiga mpira unapaa juu ya ukuta na yeye anazunguka uwanja polepole kama bwana harusi.)

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, hakuchelewa kutoa hukumu. "Galasa! Wamesajili kumbukumbu ili wauze jezi."

Jamaa yetu wa Bukavu, ambaye ndiye dereva wetu tukitoka zamu ya usiku, akaunga mkono: "Ule muzee alishachoka. Bamuache apumuzike."

Mimi nikasimama upande wa mzee. Mwaka huohuo kanuni zilikuwa zimebadilika: timu zote sasa ziliruhusiwa kuwa na mtu wa kupiga tu, asiyeingia uwanjani kudaka. Pujols haombwi kukimbizana na mipira. Anaombwa ashike gongo, hasa siku mrushaji wa wapinzani anapotumia mkono wa kushoto. Mtu uliyemwita kupika pilau humpimi kwa kufua. Hoja nzuri kabisa, lakini niliitoa katikati ya mji, mahali ambapo ukipitwa na njia ya kuchepukia, daraja linakuvusha Mto Mississippi na unajikuta jimbo la Illinois. Dereva aliachia usukani mkono mmoja ili anijibu, tukavuka. Alipogeuza, shemeji akaanza kutaja wachezaji wote waliowahi kuzeekea kwenye mikataba minono, tukakosa njia ya pili. Wake zetu mpaka leo hawaamini kwamba tulichelewa kwa sababu ya besiboli.

Siku hiyo ndipo tulipowekeana mbuzi. Pujols akifanikiwa, shemeji ananunua. Akishindwa, nanunua mimi. Tulipeana mikono mbele ya mke wangu, aliyesema tu kwamba mbuzi huyo asichinjiwe bafuni kwake.

Mei nusura niende sokoni. Usiku mmoja Cardinals walikuwa wakiwafunga Giants 15 kwa 2, kocha akaona amfurahishe mzee kwa kumpa mpira arushe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya katika ligi hiyo. Wakampiga homrani mbili, mechi ikaisha 15 kwa 6. Shemeji akanipigia simu nimelala, si kwa salamu, bali kucheka. Nilimwambia hakusajiliwa kurusha. Akaendelea kucheka.

Hadi mapumziko ya Julai, mzee alikuwa na homrani sita tu. Shemeji akaja nyumbani kufunga hesabu. Akachukua mwiko wa ugali, akasimama katikati ya sebule atuonyeshe kwa nini mwili wa mtu wa umri ule haugeuki tena. "Tazameni kiuno," akasema, akazungusha. Kiuno kikaita *kwaa!* Mwiko ukaruka, ukaangukia sufuria ya mchuzi. Tulimlaza kwenye zulia, na kutoka hapo chini akaendelea: "Si mmeona? Si ndicho ninachosema?" Nakiri sijawahi kuona mtu akijitolea ushahidi kwa mwili wake namna ile. Lakini shemeji ana miaka 41 na kazi yake ni kukaa mbele ya kompyuta. Pujols amekuwa akizungusha gongo tangu utotoni. Umri ni mmoja, viuno ni mbalimbali.

Baada ya mapumziko, mzee akawaka. Akapiga homrani 18. Septemba 23, kule Los Angeles, alipiga ya 699 na ya 700 katika mechi moja. Waliofika huko kabla yake ni watatu tu, Barry Bonds, Hank Aaron na Babe Ruth. Kwetu maharage yaliungua, mtoto aliamka, na jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Akastaafu na 703.

Nikadai mbuzi. Shemeji, kiuno kimeshapona, akadai Cardinals walitolewa na Phillies kwenye raundi ya kwanza ya mtoano, mechi mbili kwa bila, tena nyumbani kwao. Timu haikubeba kombe, kwa hiyo usajili umefeli. Bukavu naye sasa anasema ule muzee hakuchoka hata kidogo, na kwamba alilijua tangu mwanzo.

Hukumu yangu naitoa hapa hadharani. Mchezaji wa dola milioni 2.5 aliyeitwa kupiga, akapiga homrani 24 akiwa na miaka 42, amefanikiwa. Kombe halikuwemo kwenye makubaliano, na mke wangu ni shahidi. Shemeji, kama unasoma, Jumamosi sina zamu. Mkaa ninao.