Namna ya Kuliua Ua la Usambara kwa Mapenzi

Umehamia Ujerumani, baridi imekukamata, na dukani umekutana na kijichungu cha maua ya zambarau kilichoandikwa Usambaraveilchen. Usambara! Umelipa bila kuuliza bei, ukalificha ndani ya koti hadi nyumbani. Hongera. Ukifuata maelekezo haya, majuma machache yatatosha kulimaliza.

Anza na jua. Kila mgeni atakwambia mmea wa Afrika hutaka jua kali, nawe usimbishie, hata kama umewahi kulala Lushoto, kwenye milima ya Usambara, mwezi wa Julai na masweta mawili mwilini. Usimwambie kwamba huko kwao huota kwenye nyufa za miamba, kivulini mwa msitu, jirani na vijito. Wala usimchoshe na habari za Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga aliyempelekea baba yake mmea huu, hata mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la ukoo wao, Saintpaulia. Liweke dirisha la kusini. Majani yatapauka, kisha yataungua kingo.

Ukishtuka, lihamishie kwenye kona yenye giza. Vikonyo vitarefuka vikitafuta mwanga na maua yatakoma. Hapo nunua taa, uiwashe usiku na mchana. Saa 12 hivi zingelitosha, halafu giza, lakini nani ana muda wa kuzima taa?

Sasa joto. Nyumba nyingi za huko zina hita chini ya dirisha, na ndiyo maana dirishani ni pazuri mno kwa kazi yetu. Linapenda nyuzi 18 hadi 24. Wewe lichemshe mchana kutwa, na usiku vuta pazia ili chungu kibaki upande wa kioo, kwenye baridi. Hewa ya chumba kilichofungwa wakati wa kipupwe huweza kushuka chini ya asilimia 30 ya unyevu, nalo lingependa 50 au zaidi. Vitumba vitakauka kabla ya kufunguka. Usithubutu kuweka chungu juu ya sahani yenye kokoto na maji kidogo. Hiyo huleta unyevu bila kulowesha mizizi, na itakuharibia mpango.

Badala yake chukua chupa ya kunyunyizia, ujaze maji ya bomba yaliyo baridi kabisa, uyamwage juu ya majani. Majani hayo yana manyoya laini kama shavu la mtoto, na maji baridi huyaachia mabaka meupe yasiyofutika.

Bado linapumua? Basi mwagilia kila asubuhi, udongo ukiwa umekauka au la. Mizizi itaoza, na mizizi iliyooza hainywi, kwa hiyo majani yatanyauka kama yenye kiu. Utayaonea huruma, utaongeza maji. Hapa ndipo wengi hufaulu, na kwa kweli wenye roho nzuri ndio huwahi zaidi.

Likikataa kufa, usikate tamaa. Kata jani moja lenye afya na kikonyo chake, lichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu kidogo, uliweke penye mwanga usio wa jua kali. Baada ya majuma kadhaa vitachipuka vimche pembeni mwake. Mpe jirani kimoja, na usisahau kumpa na mwongozo huu.