Kinga ya Ubavu wa Gari

Sehemu ya bodi inayopita chini ya milango, kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, ni bati lililokunjwa likaacha uwazi ndani, nalo likibonyezwa na jiwe milango hugoma kufunga. Ndiyo maana katika Rhino Charge, mashindano ya magari ya porini yaliyoanza Kenya mwaka 1989, ambayo mshindi wake ni aliyefika vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi wala si kwa kasi, hupendelewa slaida, yaani mabomba mazito ya chuma yaliyofungwa kwenye chesisi ili gari liegemee jiwe na kuteleza juu yake.

Mjini, hata hivyo, kumezuka madhehebu mengine ambayo hupima kinga kwa mng'ao: mwenye gari huchagua ngazi ya alumini yenye taa za buluu, iliyoshikiliwa na vibano vyembamba, ambayo ikikutana na jiwe husukumwa juu na kulitoboa bati lilelile iliyopewa kazi ya kulilinda. Kipimo cha kinga ya kweli ni rahisi mno: jeki ikiwekwa chini ya slaida, huinuka gari, ikiwekwa chini ya ngazi, huinuka ngazi.

Kwa kuwa jabali kubwa kuliko yote ambalo magari hayo ya mjini hukabiliana nalo ni tuta la mlangoni mwa supamaketi, ambalo hata teksi hulivuka salama, wenyewe na waendelee kuwapandisha wazee kwa ngazi hizo, na fedha ya taa wanunulie matairi.