Mita 30 za Beseni

Saa ya mkono iliyoandikwa mita 30 haifi kwenye kina cha mita 30. Hufia kwenye beseni la nguo, au bafuni, mbele ya ndoo ya maji ya moto. Mwenyewe hubaki akikodolea macho kioo kilichoshika ukungu, akrabu zimegoma saa nne na robo, huku akimlaani muuzaji, kiwanda na, akipata nafasi, nchi iliyoitengeneza. Mbona imeandikwa mita 30 na imeuawa na maji yasiyofika kiwiko? Ana haki ya kuuliza, ila ameichukua namba ile kuwa kibali cha safari. Ni matokeo ya mtihani, tena mtihani uliofanywa saa ikiwa mpya.

Mtihani wenyewe ni wa ajabu kidogo. Kila mita 10 za maji huongeza shinikizo la takriban baa 1, kwa hiyo mita 30 ni sawa na baa 3. Kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 22810, cha mwaka 2010, saa hutiwa kwenye maji yaliyotulia, yenye shinikizo hilo, kwa dakika 10. Ikitolewa, hulazwa juu ya bamba lenye joto la nyuzi 40 hadi 45, kama chapati, kisha kioo chake hudondoshewa tone la maji yasiyo ya moto. Baada ya dakika moja tone hufutwa, na ukungu ukionekana upande wa ndani, saa imefeli. Hapo hakuna sabuni ya unga, hakuna jasho la daladala, wala anayeivuta saa kutoka mvuke wa bafuni na kuipeleka moja kwa moja chini ya bomba la baridi. Zaidi ya hayo, kiwanda hakilazimiki kuijaribu kila saa. Kinaruhusiwa kuchukua chache ziziwakilishe nyingine. Yako huenda ilikuwa bado ndani ya boksi wakati dada yake akifanya mtihani.

Wajuzi wa barazani wana maelezo yao: ukiogelea, mkono unapiga maji kwa nguvu, na pigo hilo peke yake linazidi mita 30. Linatisha vizuri, lakini hesabu inalikataa. Mkono unaokata maji kwa mwendo wa mita 3 kwa sekunde huongeza shinikizo lisilofika hata la nusu mita ya kina. Ili kuongeza la mita 5 tu, ungehitaji mwendo wa mita 10 kwa sekunde, na mwenye mkono wa namna hiyo angekuwa ameshachukuliwa na timu ya taifa.

Mshukiwa wa kweli ni mpira. Chini ya mfuniko wa nyuma, na kwenye kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia majira, kuna vipete vyembamba vya mpira vinavyoziba njia. Joto, sabuni, jasho na manukato huvikausha mwaka hadi mwaka, navyo havitoi taarifa. Kisha betri inaisha. Fundi wa kando ya barabara, lenzi jichoni, anakwanyua mfuniko kwa ncha ya kisu. Mpira unachomoka, unaangukia vumbini, unapulizwa mara moja na kurudishwa umekaa upande. Mfuniko unabanwa kwa dole gumba, mteja analipa, anaondoka na mita zake 30 zikiwa zimebaki kwenye maandishi tu. Kipete kipya hakina bei ya kumkimbiza mtu, lakini ni wateja wachache wanaokiulizia.

Wapo watakaosema shemeji zao huogelea Coco Beach na saa za mita 30 na hazijawahi kulowa ndani. Nakubali bila shida. Mpira ukiwa mzima na kifundo kimesukumwa ndani, fizikia iko upande wa shemeji. Swali ni kama shemeji anajua mpira wake una umri gani.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba wauzaji ndio waliotufundisha kusoma vibaya, na hilo siwezi kulipinga. Mwaka 1927 Rolex ilimpa mwogeleaji Mwingereza Mercedes Gleitze saa yake ya Oyster, akaivaa shingoni katika jaribio la kuvuka Mlango Bahari wa Uingereza. Baridi ilimshinda, akatolewa majini kabla ya kufika. Saa ikaendelea kutembea, na mwezi uliofuata ikatangazwa ukurasa wa mbele wa Daily Mail. Sifa zote zilistahili kwenda kwa maji ya juujuu, na kwa mfuniko na kifundo vilivyokazwa kwa skrubu.

Anayetaka namba inayokaribia ahadi anunue saa ya wapiga mbizi, ya kiwango cha ISO 6425. Hizo hupimwa moja moja, kwa shinikizo linalozidi lililoandikwa kwa robo. Bei yake nayo hupanda ipasavyo. Wengi wanaozivaa mjini, hata hivyo, maji marefu wanayoyakaribia ni yale yaliyo chini ya pantoni ya Kigamboni, na huko saa ina kazi moja tu: kuangalia pantoni inaondoka lini.